Skoni na visandwichi angani: kwanini bisnesi klasi ya safari fupi inakupa vitafunio badala ya chakula

Dada mmoja mwenye mgahawa mdogo pale Soweto, hapahapa Mbeya, kaniandikia swali refu kidogo, nalifupisha: wifi yake anaishi Uingereza, juzi kapanda ndege London kwenda Amsterdam alasiri, bisnesi klasi, katuma picha ya trei. Kwenye trei kuna visandwichi vyembamba kama vidole, skoni (kimkate kidogo cha Kiingereza cha baking powder), kijichupa cha jamu, krimu, kikeki kadogo na kikombe cha chai. Dada anauliza, "Hela yote ile ndo unapewa bites? Si bora wali kuku wa economy wa ndege za mbali? Halafu kaka, kuna kikundi cha kina mama hapa wameiona hiyo picha wanataka niwaandalie chai ya jioni ya namna hiyo, nimejaribu skoni zinapasuka pembeni na zikikaa masaa mawili zinakuwa kama tofali, nafanyaje? Na kwenye skoni jamu ianze au krimu?"

Ugonile dada. Nimefanya kazi kwenye jiko la kuandaa chakula cha ndege Dar kabla sijarudi huku kwetu kwenye baridi, kwahiyo umegusa penyewe, vumilia jibu litakuwa refu.

Tuanze na hela maana ndo inayouma. Wifi yako hajalipia chakula, au niseme chakula ni kipande kidogo sana cha alicholipia. Bisnesi klasi ya safari fupi Ulaya sio ile ya viti vinavyolala unayoiona kwenye matangazo. Mara nyingi ni viti vilevile vya economy, vitatu huku vitatu kule, ila cha katikati hakiuzwi, anakaa mtu dirishani na mtu kwenye njia, basi. Pazia linasogezwa mbele au nyuma kutegemea tiketi ngapi zimeuzwa siku hiyo. Yani hapo sisi tumewazidi, ndege za A220 za Air Tanzania zina viti 12 vya bisnesi ambavyo ni viti vya bisnesi kweli, vipana, viwili viwili. Kule unalipia kubadilisha tarehe bila kulia, begi la ziada, foleni fupi, lounge, yani ukumbi wa kupumzikia kabla ya kupanda (na humo watu wanakula mpaka wanashiba), na huyo jirani ambaye hayupo. Trei inakuja juu ya hayo yote.

Sasa kwanini iwe chai na sio wali. Angalia dakika. London mpaka Amsterdam ni kama kilomita 370, angani ni chini ya saa moja, kwenye ratiba inaandikwa saa moja na kitu kwasababu ya kuzunguka uwanjani na foleni ya kuruka. Ndege ikipaa wahudumu wamefungwa mikanda kama abiria, taa ya mikanda inazima baada ya dakika kama kumi hivi. Kabla ya kutua, dakika ishirini na kitu, kila kitu lazima kiwe kimekusanywa, toroli limefungwa kwenye kabati lake, meza zimekunjwa. Toa hapo uone kinachobaki ni nusu saa, siku nyingine haifiki, na upepo ukichafuka rubani akiwasha taa ya mikanda hiyo nusu saa inakatwa tena. Ndani ya muda huo watu wawili wanatakiwa wagawe trei, wamimine chai, wamimine mvinyo kwa anayetaka, warudi na chai ya pili, wakusanye. Wakianza kupasha wali kuku kwenye oveni, oveni peke yake inataka dakika kama ishirini, na hapo hujagawa hata sahani moja.

Chai ya alasiri haihitaji moto, ukiacha maji na pengine skoni kupashwa kidogo. Kila kitu kimeshapangwa kwenye trei chini huku ardhini, mhudumu anavuta trei kwenye toroli anakuwekea mbele, kazi imeisha. Ndo maana napenda sana hiyo trei kama mtu wa jikoni. Ni chakula kinachokubali kuliwa baridi bila mtu kuona amepewa kiporo. Wali baridi utalalamika. Sandwichi ya tango ikiwa baridi ndo inavyotakiwa iwe.

Na saa pia inawasaidia. Waingereza wana huo mlo wa alasiri tangu miaka ya 1840, wanasema aliyeuanzisha ni Anna, mke wa lodi mkubwa, Duke wa Bedford, sababu chakula cha jioni kwa matajiri kilikuwa kimesogezwa mpaka saa mbili usiku na njaa ilikuwa inamshika saa kumi. Kwahiyo shirika kama British Airways, ambalo kwenye Club Europe, yani bisnesi klasi yake ya safari fupi, ndo maarufu zaidi kwa hiyo chai ya skoni na krimu nzito, likikupa vitafunio saa kumi abiria wake haoni amepunjwa, anaona amepewa cha kwao. Panda ndege hiyohiyo asubuhi utapewa chakula cha asubuhi, panda jioni utapewa kingine. Wifi yako kapata alasiri.

Hii ya kula kwenye safari fupi ya ndege sio mpya hata kidogo. Mwaka 1919 kampuni ya Handley Page iliuza vifurushi vya chakula cha mchana London kwenda Paris, shilingi tatu za wakati huo, visandwichi na matunda, na hapo unaona mtu alishagundua kwamba kwenye ndege sandwichi inashinda sufuria. 1927 shirika la Kiingereza la Imperial Airways likaja na huduma ya kifahari ya njia hiyohiyo, mhudumu kavaa koti anagawa chakula. Halafu sikia hii watu wa Mbeya, mwaka 1932 hao hao Imperial walipofungua njia ya London mpaka Cape Town, Mbeya ilikuwa kituo, ndege inatoka Dodoma inatua hapa inaendelea Mpika. Kwahiyo huu mji umeshawahi kuwa na abiria wa London wanaosubiri ndege miaka mingi kabla ya Songwe kufunguliwa 2012.

Turudi kwenye trei maana kuna kitu kwenye picha ya wifi yako ambacho hukukiona. Angalia skoni kwa karibu. Utaona imepauka kidogo juu na pembeni imeshika umbo kabisa, haimwagi chenga. Hiyo skoni haikuokwa asubuhi ile. Chakula cha ndege kinapikwa au kuokwa mapema, kinapozwa haraka, kinakaa kwenye chumba cha baridi nyuzi 5 au chini yake, kinapangwa kwenye trei, kinaingia kwenye toroli, toroli linapanda kwenye lile gari lenye boksi linalonyanyuka mpaka mlangoni kwa ndege. Baridi hiyo ni ya usalama, hakuna mjadala, mayai na kuku na krimu vikikaa nje masaa hayo yote utaua mtu. Lakini baridi hiyohiyo ndo adui wa mkate. Wanga wa kwenye mkate ukishapikwa unaanza kujirudisha, unakuwa mgumu, na unafanya hivyo haraka zaidi kwenye friji kuliko mezani. Ndo ule mkate unaouweka kwenye friji ukidhani unautunza kesho yake unakuta umekauka kuliko uliouacha kwenye kabati. Friza haina shida hiyo, friji ndo inayo. Dawa ni joto, ukiupasha mkate ukavuka nyuzi kama 60 ule ugumu unalegea kwa muda, ndo maana ndege zinazojali zinapasha skoni kidogo kabla ya kugawa. Ila ni kwa muda tu, ikipoa inarudi ngumu kuliko mwanzo, kwahiyo abiria anayepiga picha kwanza dakika kumi shauri yake.

Visandwichi navyo vina siri yake. Siagi haipakwi kwa ajili ya utamu tu, inapakwa mpaka pembeni kabisa, pande zote mbili, sababu mafuta yanazuia maji ya tango au ya nyanya yasiingie kwenye mkate. Tango lenyewe linakatwa jembamba, linanyunyiziwa chumvi, linaachwa litoe maji, linakamuliwa kwa kitambaa. Kingo za mkate zinakatwa mwishoni baada ya kujaza, sio kabla. Jikoni kwetu mtu aliyekuwa anapaka siagi katikati tu kama anapaka mtoto mafuta usoni alikuwa anarudishiwa trei nzima.

Kuna jambo la ladha pia. Ukiwa angani ulimi wako sio huu wa hapa chini. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu mara nyingi chini ya asilimia 20, pua inakauka, na bila pua hamna ladha. Wajerumani wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer waliwahi kulifanyia shirika lao la ndege la Lufthansa utafiti kwenye kipande cha ndege kilichowekwa chini huku, wakapunguza hewa kama iko juu, wakaona chumvi na sukari vinapungua ladha sana, chumvi zaidi. Kelele za injini nazo zinachangia, utamu unashuka, ila ladha nzito ya nyama, uyoga, nyanya, jibini iliyokaa, hiyo haishuki, wengine inawapanda. Ndo maana watu wasiokunywa juisi ya nyanya nyumbani wanaiagiza kwenye ndege. Kwahiyo kwenye trei nzuri ya alasiri utakuta jibini kali, samaki wa moshi, kuku mwenye haradali, jamu tamu kupitiliza. Wifi yako akisema tango lilikuwa halina ladha usishangae, na hicho kikeki kingekuwa mezani kwako hapo Soweto angekiona kitamu mpaka kero.

Sasa chai yenyewe. Hapa nitakuwa mkali, kitu dhaifu kuliko vyote kwenye chai ya alasiri ya ndege ni chai. Wala sio uzembe wa mtu, ni hewa. Ndani ya ndege hewa inabanwa lakini haifikii ya Dar, inaruhusiwa kushuka mpaka iwe sawa na mlima wa mita kama 2,400. Huko maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, hayaendi zaidi hata ukiyawashia moto siku nzima, na birika la ndege mara nyingi halifiki hata hapo. Majani meusi ya chai yanataka maji ya kuchemka kweli ili yatoe rangi na ule ukali. Mtu wa Dar akipanda anaona tofauti kubwa, sisi hatuoni sana sababu tayari tumeshazoea, hapa Mbeya mita 1,700 maji yanachemka nyuzi 94 tu. Ukitaka kujua abiria wa ndege anaishi wapi, panda Kitulo, pale juu ni mita 2,600 hivi, bandika maji uone. Ndege mpya kama Dreamliner hewa yake ni ya mita 1,800 na kidogo, yani mtu wa Uyole akipanda ile yuko nyumbani kabisa.

Dawa yao ni kuchagua majani yanayotoa haraka. Na hapo ndo unaingia wewe na chai yako ya Tukuyu. Chai yetu kubwa, ya Rungwe, ya Mufindi, ya Njombe, inasagwa kwa mashine za CTC, zile roli zenye meno zinazoponda jani mpaka linakuwa vipunje vidogo, teknolojia iliyoanzia Assam 1930 hivi. Punje ndogo maana yake maji yanagusa sehemu kubwa, rangi inatoka hata kama maji hayajafika 100. Yale majani marefu yaliyosokotwa yana harufu nzuri zaidi lakini yanadai maji ya moto haswa. Kwahiyo kwa mwinuko wetu huu chai ya Katumba au ya Mufindi sio ya kuonea aibu mbele ya boksi la kutoka nje lenye picha ya malkia, kwa kazi hii ndo yenyewe.

(Kuna wanaonionya maji ya kwenye ndege sio salama. Tangi linajazwa na gari uwanjani, na linatakiwa kusafishwa kwa ratiba, Marekani walitunga kanuni maalum 2009 ya kupima maji ya ndege na kuua vijidudu kwenye matangi. Mimi chai nakunywa, maji ya bomba la chooni sinywi.)

Haya, mgahawa wako. Skoni kupasuka pembeni na kukauka, nadhani unafuata resipi ya mtandaoni iliyoandikwa na mtu anayeishi usawa wa bahari. Huku juu hewa nyepesi, gesi ya baking powder inavimba haraka na kwa nguvu kabla unga haujashika, skoni inapaa inapasuka halafu inakaa. Na maji yanakimbia haraka kwenye oveni, kwahiyo inatoka kavu. Nusu kilo ya unga resipi nyingi zinasema vijiko vitano vya chai vya baking powder, wewe weka vinne. Siagi gramu mia, ya baridi, isugue na unga kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chenga, usiikande. Sukari vijiko vinne vya mezani, chumvi kidogo. Halafu maziwa mtindi ulioyapiga yakalegea, mililita mia tatu, na uwe na ziada pembeni maana huku unga unataka maji zaidi, donge liwe linanatanata kidogo mkononi. Ukiona limetulia vizuri kama la chapati, ujue ni kavu. Tandaza nene, unene wa vidole viwili, kata kwa glasi au kikatio ukishuka wima, usizungushe, ukizungusha unaziba pembeni na inapanda upande. Oveni iwe kali, nyuzi 220, dakika kumi na mbili mpaka kumi na tano. Zikitoka zifunike na kitambaa safi wakati zina moto, ule mvuke ndo unaolainisha.

Na usiziweke kwenye friji hata iweje. Wewe huna sababu ya ndege. Oka kundi dogo saa tisa, kina mama wanakuja saa kumi, umemaliza, hapo umeshaishinda trei ya wifi yako bila kutumia nguvu. Zilizobaki zigandishe kwenye friza siku hiyohiyo.

Ile krimu nzito usihangaike kuitafuta supamaketi Dar. Ya Cornwall kule Uingereza lazima iwe na mafuta asilimia 55 kwenda juu, ni karibu siagi, na inatengenezwa kwa maziwa na uvumilivu tu. Chukua maziwa mabichi ya ng'ombe, ukipata ya Jersey bora zaidi, yaweke kwenye sufuria pana sehemu ya baridi masaa mpaka malai yapande juu, halafu bila kuyatikisa bandika juu ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, moto mdogo kabisa, yasichemke, uyaache hapo muda mrefu mpaka juu ipate ngozi ya njano iliyokunjamana kama kitambaa. Epua, acha ipoe usiku kucha kwenye friji, asubuhi unaitoa ngozi na mwiko wenye matundu. Lita kumi ukipata nusu kilo shukuru, kwahiyo piga hesabu ya bei kabla hujaahidi watu. Maziwa yaliyobaki chini tengeneza mtindi wa skoni, hamna kinachotupwa.

Visandwichi, achana na samaki wa moshi. Mayai ya kuchemsha yaliyopondwa na mayonizi na kitunguu cha majani, tango kama nilivyoeleza, na kuku aliyechambuliwa. Parachichi la Rungwe watu wa jiko la ndege wanaliogopa sababu linageuka rangi njiani, wewe unalikata dakika tano kabla ya kugawa, ukilikamulia ndimu, kwahiyo kwako ni faida. Jamu tumia ya matunda ya hapa, ya strawberi ukipata, ya matunda damu pia inaenda vizuri sana maana ina uchachu wa kukata mafuta ya ile krimu.

Chai toa za aina mbili. Birika moja chai kavu, birika limesuuzwa na maji ya moto kwanza, majani ndani, maji yanachukuliwa yakiwa bado yanatokota jikoni na sio kutoka kwenye chupa ya asubuhi, dakika tano, chuja, maziwa pembeni kila mtu aweke yake. Usiache majani humo humo mpaka watu waondoke, inakuwa dawa. La pili chai ya maziwa iliyopikwa na tangawizi, maana nakuhakikishia hao kina mama watapiga picha na lile la kwanza halafu watakunywa la pili, na hiyo iliyopikwa wala haisumbuliwi na mwinuko sababu inakaa motoni mpaka itoe yote.

Uliuliza mwishoni jamu ianze au krimu. Cornwall wanaanza jamu, Devon wanaanza krimu, wanabishana mpaka leo. Kwa krimu ya kutengeneza mwenyewe itakuwa laini kuliko ya dukani, ukiiweka chini jamu itateleza nayo yote kwenye sahani, kwahiyo anza jamu.